Herufi Niliyompa Ofwono

Tororo, alasiri

Mwanangu Owor,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani nzima ya viazi vitamu na kuuliza kama vimebaki. Wewe mzima. Mimi ndiye si mzima sana leo, na ndiyo sababu naandika badala ya kusema. Umekwenda Mulanda kuwaaga baba zako wadogo na kusimama kidogo kwenye kaburi la Ofwono, baba aliyekuzaa. Utarudi jua likizama. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako. Isome leo leo. Usiiweke ukaisomee kwenye treni, huko itakuwa haikusaidii tena, wala mimi.

Mambo ya kula, kuvaa, kuamka mapema na marafiki wa Nairobi unakokwenda kesho kwa kazi ya uchapaji, mama yako Nabwire ameyasema tangu Jumapili mpaka majirani wameyakariri. Mimi nayaruka yote. Nina jambo moja tu, nalo ni jinsi Ofwono alivyokufa na mkono wangu ulivyohusika. Ukishalijua huenda usitake tena kuniita baba. Hilo ndilo ninaloliogopa, na nalisema mapema ili nisikuzungushe.

Leo ulipotoka nilikaa nilifunge sanduku lako kamba, nikaiona karatasi uliyobandika kwenye kifuniko. Jina lako limechapwa kwa herufi zetu nene za mbao, na Nairobi chini yake kwa herufi ndogo. Kazi safi, mstari umekaa sawa, wino haujavuja. Nikajisifu hata mimi kidogo, kwamba huyu nimemfundisha. Halafu nikaitazama O ya kwanza, nikaiweka kamba chini.

Ile si O ya kwenye droo. Ulifungua kopo la majani ya chai lililo kwenye rafu ya juu, ukaitoa iliyofungwa kitambaa. Sikulaumu. Nilikukataza miaka yote bila kukupa sababu, na mtu akikatazwa bila sababu hufungua tu. Na una jicho la kazi. Kati ya O zote uliona kwamba hii ndiyo nzito, hii ndiyo inayosimama. Mimi pia niliipenda.

Herufi zenyewe unazijua kwa vidole, lakini jinsi zilivyotufikia hujui. Zilikuja kwa tajiri wetu, yule Mhindi aliyenifundisha kazi na baadaye kuniachia mashine hii ya mkono ya kuchapia. Alizinunua zikiwa zimeshatumika Ulaya, ndani ya makasha yaliyonuka mafuta ya taa. Tulipozifungua tulicheka. Nene, za mraba, kila moja imejaa pembeni mpaka tundu lake la katikati ni ufa tu, na miguu mipana kama ya mtu aliyesimama kwenye tope asianguke. Wafanyakazi wakaziita mikate. Mtu akisema "niletee mkate wa B", ujue ni bango la barabarani hilo, si kadi ya harusi.

Na kweli kazi yake ni ya barabarani. Mnada wa ng'ombe, dansi, mpira, pamba inaponunuliwa, sinema ya gari, na miaka ile ya uhuru, mikutano ya siasa kila wiki. Mkate unasomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara akiwa juu ya baiskeli, na asiyejua kusoma pia anajua kuna jambo. Jina likianza na mkate, mwenye jina anatembea kifua mbele mwezi mzima. Mimi mwenyewe nimeona mtu mzima na ndevu zake amesimama sokoni Busia akilisoma jina lake kwa kidole, anaanza, anamaliza, anaanza tena.

Taabu yetu ilikuwa moja. Aliyezichonga aliwaza maneno ya kwao. Alitupa E chungu nzima, hatukujua tuzipeleke wapi, na O kubwa tano. Tano, katika nchi ambayo kila mwanamume wa Padhola, kila Mjaluo, na nusu ya Wateso, jina lake linaanza na O! Bango likiwa na majina sita nilikuwa natia sifuri badala yake, na sifuri zetu zilikuwa nyembamba. Ikikaa kati ya mikate inaonekana kama mtu aliyelazwa na malaria. Tajiri alikuwa akiiona anatema mate.

Ndipo baba yangu akafa, kule kwetu Busia upande wa Kenya. Unakumbuka nyumba za zamani, za nyasi, zina mti unaochomoza juu ya kilele. Mwenye nyumba akifa, wanaume wanapanda kuung'oa, na nyumba inabaki kichwa wazi ili kila apitaye ajue. Ule mti haupikiwi, haujengewi. Unatupwa nyuma ya nyumba uoze wenyewe, polepole, na hakuna anayeuhesabu tena kuwa mti.

Mimi nilikuwa kijana wa mjini, nina saa ya mkono. Nikauona umelala kwenye majani, mnene kama mkono wangu juu ya kiwiko. Nusu yake ya chini ilikaa ndani ya moshi wa jiko la mama yangu miaka arobaini. Mweusi, mkavu, mgumu, hauna hata ufa. Wewe ni mchapaji, unajua mbao za namna hiyo hazinunuliwi popote. Unakata kipande cha duara kama unavyokata muhogo, na duara tayari ni O. Shangazi yangu akanikuta naufunga kwenye baiskeli.

"Wandera, hiyo si kuni," akasema.

"Najua, shangazi. Sio ya kuni. Ni ya kazi."

Akaja karibu na baiskeli. "Kazi gani inaweza kutumia hiyo?"

Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe, nikapanda baiskeli nikaondoka.

Nilikata vipande vitano. Vinne vilipasuka katikati vyenyewe, mezani, kimoja baada ya kingine, huku nimekaa navitazama. Kimoja kikabaki. Nikakichonga siku tatu, nikakipiga msasa mpaka kikawa sawa na mikate ya Ulaya kwa urefu, na nilipokitia wino nikaona kitu ambacho sijakiona tena katika maisha yangu. Herufi zote zilipaka nyeusi. Hii ilipaka nyeusi zaidi. Wino ule ule, rola ile ile. Karatasi zilipoanikwa kwenye kamba, majina yote yalikauka kufika adhuhuri, lakini O ile ilikaa mbichi siku ya pili, na ya tatu. Ukiigusa, kidole kinatoka na wino.

Jina la kwanza lilikuwa la mzee Obbo, mwuza ng'ombe. Bango la mnada. Mzee akafa kabla ya mnada, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nikasema alikuwa mzee, basi. Jina la pili lilikuwa la Okello, kijana mpiga gita, bango la dansi. Huyo hakuwa mzee wala mgonjwa. Alivuka mto Malaba mahali alipovuka tangu utoto, maji yakamfika magotini tu, na hakutoka. Waliomwona walisema alisimama katikati ya mto kama mtu aliyeitwa.

Sikumwambia mtu. Nikaitia ile O kwenye kopo la chai, nikarudi kwenye sifuri zangu nyembamba. Miezi ikapita na hakuna aliyekufa ila kwa vifo vya kawaida. Nikaanza kujicheka. Lakini kopo sikulifungua, na nilipokuwa peke yangu kazini nilikuwa nakaa nikilipa uso, sio mgongo.

Halafu likaja bango la mpira. Timu ya Mulanda na timu ya Busia, siku za shamrashamra za uhuru, na majina ya wachezaji wa Mulanda yote yaandikwe, kila moja lianze na mkate. Nikayahesabu yanayoanza na O. Sita. Nikapanga tano kutoka kwenye droo, nikachukua sifuri. Tajiri alikuwa nyuma yangu.

"Wewe Wandera, ile O yako nzuri iko wapi?"

"Ipo, bwana."

"Ipo, na unaniwekea hii takataka? Au unaogopa herufi?"

Wenzangu wawili wakacheka. Hivyo tu. Ningeweza kusema ndiyo, naogopa. Ningeweza kusema imepasuka. Nikasogeza kiti, nikalishusha kopo. Mwanangu, katika maisha yangu yote sijawahi kutishwa na bunduki wala kisu. Niliangushwa na kicheko cha watu wawili ambao leo hata sijui wako wapi.

Sasa sikiliza vizuri. Majina yalikuwa sita, na O ya kopo ilikuwa moja. Nilikuwa na nafasi ya kuamua imwendee nani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa chifu, nikampita. Wa pili shemeji wa tajiri wa kinu cha pamba, nikampita. Wa tatu alikuwa na ndugu saba, na wote wakali. Wa nne na wa tano nilikunywa nao. Wa sita alikuwa golikipa, mbeba mizigo kwa baiskeli kutoka stendi ya Busia kwenda mpakani, amefiwa na mke, ana mtoto mmoja wa miaka tisa. Nikafikiri, nakumbuka nilivyofikiri, kwamba huyu likimpata jambo hakuna atakayekuja mlangoni kwangu kuniuliza.

Huyo alikuwa Ofwono. Nikampa.

Ukisema niliamini mti unaua, basi nilimchagua mtu wa kuuawa. Ukisema sikuamini, basi kwa nini nilichagua? Kwa nini sikuichukua tu bila kutazama, nikaipachika popote? Nimeligeuza swali hili miaka tisa na linanifunga kotekote.

Alikuja mwenyewe kabla ya mechi, ameiegemeza baiskeli kwenye ukuta, jasho linamtoka. Alikuwa ameona bango Busia.

"Wandera, nakuja kusema asante," akasema. "Yangu ndiyo nyeusi kushinda ya wote. Hata ya mtoto ya chifu. Watu wanauliza mimi, nimekupa nini."

Nikasema, "Ah, ni herufi tu."

"Hapana. Hii umenipa heshima. Nipe moja napelekea kijana yangu."

Nikampa. Nilimkunjia kwa mikono yangu, nikafunga kwa uzi. Ningeweza kumwambia pale. Usicheze Jumamosi, kaa nyumbani, uniite mwendawazimu lakini kaa. Nilipokea shukrani yake nikaiweka mfukoni. Bango lile unalo mpaka leo, liko chini ya shuka zako ndani ya sanduku, nimeliona leo. Majina mengine yote yamefifia. Lile moja ukiligusa kwa kidole chenye unyevu bado linatoa rangi.

Kilichotokea uwanjani umeshaambiwa, na hapo hawakukudanganya. Mvua ilikuja kipindi cha pili. Tororo radi tunaishi nazo kama kuku wa uani, hakuna aliyekimbia. Mpira ulikuwa upande wa pili, wachezaji wote wamejazana huko, na Ofwono amesimama peke yake golini. Mimi nilikuwa nyuma ya goli lake. Nilikwenda makusudi, sikuweza kukaa nyumbani. Kabla ya radi aligeuka akanitazama. Wala hakuogopa. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake na anauliza, ni wewe umeniita? Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Mwalimu wako wa sayansi atakwambia golikipa aliyesimama peke yake uwanjani, mvua, nguzo mbili, mlima ule wa jiwe hapo karibu, radi ingempata yeyote. Naamini atakuwa amesema kweli. Nimejaribu sana kukaa ndani ya ukweli huo. Haunitoshi, maana yeyote angeweza kupigwa, lakini sio yeyote aliyekuwa amechaguliwa na mimi.

Kwenye matanga baba zako wadogo walikuwa wanashauriana nani akuchukue. Nikasimama mbele ya watu nikasema nitakuchukua mimi. Watu wakanisifu, huyu Msamia ana moyo, si ndugu, si kabila, anachukua mtoto wa mwingine. Nabwire alilia kwa furaha, maana sisi hatukujaliwa. Nikapokea na sifa hizo, nikazitia mfuko ule ule. Kosa la kwanza nililifanya kwa dakika moja. Hili la pili nimelifanya kila siku kwa miaka tisa, kila uliponiita baba nami nikaitika.

Na usidhani nilikulea kwa kulipa. Mwanzo ndiyo, sikufichi. Ukila nilikuwa nahesabu kama fidia. Halafu ukaugua surua, siku ya nne hukunijua, na nilipokaa pembeni ya kitanda nikagundua kwamba simfikirii Ofwono hata kidogo, nakufikiria wewe. Tangu hapo nakupenda tu, kwa ubinafsi, kama baba yeyote. Ndiyo maana sikusema. Nilikuwa na cha kupoteza.

Sasa turudi kwenye sanduku. Nilichukua kisu niibandue karatasi yako. Ikatoka vizuri. Chini yake, kwenye mbao ya kifuniko, palikuwa na O. Herufi nyingine hazikupenya karatasi, zile R na W hakuna hata alama. Ile imeingia ndani ya mbao. Nikakwangua. Nikakwangua tena. Kila nikikwangua chini kuna nyeusi.

Nikaenda kwenye kopo. Uliiosha vizuri juzi, nimekufundisha kuosha, na kitambaa kilikuwa kikavu. Nikaifungua, nikaigusa. Wino ulikuwa mbichi.

Nilikaa pale mpaka Nabwire akapita akaniuliza kama nina homa. Nikawa nawaza, Obbo, Okello, Ofwono. Kila mmoja alipokufa, jina lake ndilo lilikuwa la mwisho kuchapwa nayo. Baada ya Obbo nilipomchapa Okello, hakuna tena aliyeguswa katika nyumba ya Obbo. Ni kama ina nafasi ya mtu mmoja tu, jina jipya likiingia la zamani linatoka. Na jina la mwisho sasa ni lako.

Pengine ni upuuzi. Pengine ni mzee mmoja mwenye dhambi anajitisha na kipande cha mti, na wewe kesho utafika Nairobi, utaoa, utazaa, utachapa magazeti ya nchi nzima. Lakini mara ile sikujua, na kwa kutojua nilimpa mwingine. Leo sijui vilevile. Ila safari hii nilikuwa peke yangu chumbani, hakuna wa kunicheka, na jina la kuliweka lilikuwa langu kulichagua.

Wandera halina pa kuitia. Lakini Tororo nzima, na Busia pande zote mbili, hakuna anayeniita Wandera siku hizi. Sokoni, kanisani, hata forodhani, wananiita Baba Owor. Nikapanga hivyo. B kutoka kwenye droo, na ile ya kopo mahali pake. Nikavuta karatasi moja tu. Haijawahi kutoka nzuri hivyo, ukingo wake unakata jicho. Kisha nikachukua patasi na nyundo, nikaipasua herufi vipande vinne, nikavitia jikoni kwa Nabwire, akapikia maharage bila kujua. Hakuna jina litakalofuata langu. Zile tano za Ulaya nimekufungia pamoja na droo yote, ni zako, hazina neno. Ukipungukiwa O huko, tia sifuri, waache wacheke.

Karatasi ile nimeibandika kwenye mlango wa chumba cha kazi, upande wa barabarani, mahali utakapopita kesho na sanduku lako kwenda stesheni. Mimi nitakuwa ndani. Sitatoka kukuaga, maana nikitoka utanionea huruma, na sitaki huruma iamue. Nabwire atakusindikiza.

Kama ukifika pale utaona jina lile halinistahili, libandue uende nalo au ulitupe, mimi nitasikia karatasi ikichanika na sitakulaumu, wala sitakuandikia tena mpaka uniandikie wewe. Kama utaliacha, basi likinikuta la kunikuta, litakuwa limenikuta nikiwa baba yako.

Gundi nimepaka kidogo tu, kwenye pembe, isikusumbue.

Wandera